Mteja Wako ni Mzee, Si Mwana Aliyemleta
Mawakili vijana wanaoanza kazi hapa Malindi huniuliza namna ya kuhudumia wazee. Kenya haina leseni ya pekee ya kazi hii. Ukishapita Kenya School of Law, ukaapishwa na Jaji Mkuu na ukawa na cheti cha uwakili cha mwaka huo, unaruhusiwa. Kinachobaki ni kujua kuketi na mzee.

Mara nyingi mwana ndiye anayepiga simu, ndiye atakayelipa, na ndiye anayejibu kila swali unalomuuliza mzazi wake. Mwamkie mzee kwanza, mpe kiti cha karibu nawe, kisha umwombe mwana kwa adabu asubiri nje. Hapo usilegeze, hata akinuna. Bibi mmoja wa Mambrui aliletwa na mwanawe, tukaambiwa anataka kumwandikia shamba. Mlango ulipofungwa alifungua fundo la leso, akatoa hati miliki iliyokunjwa mara nne, maandishi ya kwenye mikunjo yamefifia, akaniambia: "Mwanangu, mimi nataka uniwekee hii tu, isipotee." Nikampa stakabadhi. Habari ya kumpa mtu shamba haikuwamo.

Kabla ya kushika kalamu, uliza dini. Wasia wa Muislamu hauzidi thuluthi ya mali, wala mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Akitaka kumpa bintiye nyumba yeye angali hai, hiyo ni hiba, nayo haitimii mpaka binti akabidhiwe. Mgogoro ukizuka, Kadhi huusikiliza iwapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Asiye Muislamu anafuata Sheria ya Urithi, Sura 160. Wasia wake wa maandishi unataka mashahidi wawili, na anayeachiwa kitu asiwe mmoja wao. Wa mdomo nao unakubalika mbele ya watu wawili, ila mzee akiishi zaidi ya miezi mitatu tangu autamke, hauna nguvu tena.

Familia nyingi huja zikitaka pawa ya atoni, yaani hati ya kumruhusu mtu mwingine kutenda kwa niaba ya mzee. Mweleze mzee waziwazi kwamba karatasi hiyo ikiandikwa bila mipaka, aliyepewa anaweza kuuza shamba. Kama haja ni kukusanya kodi ya vyumba, andika kodi ya vyumba, basi. Tena hati hiyo huisha nguvu akili ya mzee ikipotea, na hapo familia italazimika kuomba mahakama iteue msimamizi wa mali. Anayetaka kupanga mambo yake na apange akiwa na fahamu zake.

Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, uliza ni nani anayezichukua.

Liko swali jingine, zito, ambalo Kilifi hii huwezi kuliruka: "Mzee, nyumbani unalala kwa amani?" Huku wazee wamesingiziwa uchawi, wengine wakauawa, na nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna shamba. Akisema ametishwa, weka karatasi kando. Nenda naye polisi siku hiyo hiyo, na umtafutie pa kulala. Kituo cha Kaya Godoma, kule Ganze, wamewahi kuhifadhi wazee waliofukuzwa kwao.

Siku ya kutia dole gumba, isome hati yote kwa sauti, kwa Kigiriama kama ndiyo lugha yake, na mkalimani asiwe mtu wa nyumba hiyo. Kisha mwombe mzee akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia.