Namna ya kupima hewa ukaa ya nyumba yako kwa mizani, ndoo na risiti za LUKU

Vikokotoo vingi vya hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayoongeza joto la dunia) vilivyomo mtandaoni huanza kwa kuuliza nyumba yako hupashwa joto kwa njia gani wakati wa baridi na una magari mangapi. Mkazi wa Dar es Salaam anayepikia mkaa na kupanda daladala hujibu kwamba hana hiki wala kile, kisha hupewa namba ndogo ya kufurahisha ambayo si ya kweli, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza habari za jikoni. Mwongozo huu unaanzia jikoni, na vifaa vyake ni mizani ya kuning'iniza, ndoo, daftari na risiti za umeme.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu wanaokula chungu kimoja. Mhesabu dada wa kazi, mhesabu mpwa aliyekuja kwa wiki mbili akakaa mwaka, na anayekula mlo mmoja tu kwa siku mhesabu kuwa theluthi ya mtu.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa, ni kupima mkaa kwa siku 7 mfululizo. Usihesabu kwa magunia, kwa sababu gunia la lumbesa na gunia la kawaida hutofautiana mno, wala usihesabu kwa makopo. Asubuhi jaza ndoo, ipime na uandike. Usiku pima kilichobaki, pamoja na mkaa uliozimwa. Mwombe mpishi azime kwa mchanga au kwa kufunika, kwa maana mkaa uliomwagiwa maji huongezeka uzito na kuharibu hesabu ya siku nzima. Siku ya maharage lazima iwemo. Mama mmoja wa Mbagala, aliponiona nimetundika mizani mlangoni pake, aliniuliza kama nimeanza biashara ya mkaa wa rejareja. Tulicheka sote, na kufikia siku ya tatu alikuwa akipima mwenyewe kwa uangalifu kunishinda.

Chukua wastani wa siku, uzidishe kwa 365, kisha uzidishe kwa 2.75. Watu hushangaa wakisikia kwamba kilo 1 ya mkaa hutoa karibu kilo 2.75 za hewa ukaa, lakini sababu yake iko wazi: takriban robo tatu ya mkaa ni kaboni, na kila kilo 12 za kaboni zinapoungua kabisa huchukua kilo 32 za oksijeni kutoka hewani na kuwa kilo 44 za hewa ukaa. Nyumba ya watu 5 inayotumia kilo 2 kwa siku hufikisha karibu tani 2 kwa mwaka.

Hiyo ni hewa ya jikoni peke yake, na ninasisitiza usiishie hapo, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ilikwisha kutoka porini. Tanuri la kienyeji la udongo huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kavu ili litoe kilo 1 ya mkaa. Tukichukua kilo 6, na tukijua kwamba nusu ya kuni kavu ni kaboni, nyumba ileile inabeba karibu tani 8. Mkaa ukitoka katika msitu unaokatwa kwa zamu na kuachwa uchipue, kama ilivyojaribiwa katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, miti mipya huivuta tena sehemu ya hewa hiyo. Andika namba zote mbili, ya jikoni na ya jikoni pamoja na tanuri.

Kwa gesi hesabu ni nyepesi: kilo 1 hutoa kilo 3, hivyo mtungi wa kilo 15 ni kilo 45.

Hatua ya tatu ni umeme. Jumlisha yuniti za risiti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, za mwaka mzima. Gridi yetu huchanganya maji, kama ya Kidatu na Bwawa la Julius Nyerere, na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Mimi hutumia nusu kilo kwa yuniti, kana kwamba umeme wote ni wa gesi, ili nisijipendelee. Yuniti 75 kwa mwezi hufanya kilo 450 kwa mwaka.

Hatua ya nne ni safari. Lita ya petroli hutoa kilo 2.3 na ya dizeli kilo 2.7. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita hutoa gramu 58 kwa kilomita. Daladala aina ya Coaster inayokwenda kilomita 5 kwa lita ikiwa na abiria 30 humpa kila mmoja gramu 18, na kadiri mnavyobanana ndivyo fungu lako linavyopungua. Gari dogo la kilomita 10 kwa lita, likiwa na mtu mmoja, hutoa gramu 230. Na kama una ng'ombe kijijini, mwandike: ng'ombe wa kawaida wa Afrika hukadiriwa kutoa kilo 31 za methani kwa mwaka kwa kucheua kwake, ambazo kwa nguvu ya kuongeza joto la dunia ni sawa na takriban kilo 870 za hewa ukaa.

Sasa jumlisha, ugawe kwa idadi ya hatua ya kwanza. Nyumba yetu ya watu 5, yenye watu wazima 2 wanaosafiri kilomita 24 kwa daladala siku 300 kwa mwaka, hupata karibu kilo 540 kwa kila mtu bila tanuri, na kilo 1,750 pamoja na tanuri. Wakihamia gesi kwa mtungi mmoja wa kilo 15 kila mwezi, kila mtu hubaki na kilo 250, ingawa gesi hiyo huchimbwa ardhini. Takwimu za nchi hazikuonyeshi tofauti hii, kwa sababu wastani wa dunia wa karibu tani 4.7 kwa mtu huhesabu makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji, na kuuacha mkaa wa miti nje.

Baada ya kubadili jiko, rudia kipimo mwezi uleule wa mwaka unaofuata. Mkaa wa masika huwa na unyevu, na ukilinganisha Aprili na Septemba utakuwa umepima mvua.