German Shepherd au Rottweiler: namna ya kuchagua mbwa mkubwa kwa nyumba yenye watoto

Wengi wanaoniuliza swali hili huwa wameshapenda picha. Baba kapenda masikio yaliyosimama ya German Shepherd, mama kavutiwa na kichwa kipana cha Rottweiler, na watoto wanamtaka yeyote atakayefika kwanza. Wekeni picha pembeni, mchukue karatasi muandike siku ya kawaida ya nyumba yenu: nani anaamka wa kwanza, nani anabaki nyumbani mchana, wageni huingia mara ngapi, nani atatoka na mbwa jioni hata akiwa amechoka. Nimefuga aina zote mbili, na bado naamini karatasi hiyo hujibu zaidi ya nusu ya swali.

Wote wawili ni mbwa wa kazi kutoka Ujerumani, ila kazi zao zilitofautiana. Daftari la kusajili uzao wa German Shepherd lilifunguliwa mwaka 1899, pale Max von Stephanitz, mwanzilishi wa aina hii, alipomsajili mbwa aliyeitwa Horand kuwa wa kwanza. Walikuwa mbwa wa kondoo: kutwa kucha kulizunguka kundi, jicho moja kwa mchungaji, kumrudisha anayechepuka. Rottweiler alipata jina kutoka mji wa Rottweil, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Ng'ombe mkaidi hababaishwi na kelele, kwa hiyo mbwa huyu alijifunza kusukuma kwa mwili.

Kazi hizo utaziona sebuleni kwako. Nyota, jike wangu wa German Shepherd, hakuvumilia kuona watoto wametawanyika. Wakianza kukimbizana uani, naye alianza kuwazunguka, duara likizidi kuwa dogo, kisha akamgusa wa nyuma kisiginoni kwa meno ya mbele. Ngozi haikutoboka, lakini mtoto mgeni alilia na mzazi wake akaamini kaumwa. Nilichofanya ni kumwita mapema, pale tu alipoinamisha kichwa na kukaza shingo, nikampa mpira aushike mdomoni. Mbwa akishaanza kukimbia, hakusikii tena. Watoto nao wafundishwe kusimama wima kama mti mbwa akichangamka mno, maana kukimbia kunamwamsha zaidi.

Bosi, dume wa Rottweiler, hakuwa na habari na kuzunguka. Alikuja kimya, akageuza makalio na kukuegemea magotini mpaka ukapepesuka. Ni mapenzi hayo, lakini dume mzima hufika kilo 50, na mtoto wa miaka 3 hana hata theluthi ya uzito huo. Nyumba nzima ikakubaliana sheria moja: Bosi hapapaswi mpaka makalio yawe chini. Mtu mmoja akiivunja kwa kumwonea huruma, mbwa anajifunza kwamba kusukuma kunalipa.

Kwa hiyo jiulize ni mzigo upi mnaoweza kuubeba. Wa German Shepherd ni akili yake. Anataka kupewa kitu cha kufanya kila siku: kunusa na kutafuta kilichofichwa, kufundishwa amri mpya, matembezi marefu yenye vituo vya mazoezi. Akikosa, atajitafutia kazi mwenyewe, na kazi hiyo huwa kubweka kila kinachopita, kulialia mlangoni au kuchimba. Pia hupukutisha manyoya mwaka mzima, na kuna vipindi ambapo utayatoa kwa mafungu.

Mzigo wa Rottweiler ni nguvu na msimamo wake. Habweki ovyo, hutazama kwanza, kisha anaamua, na ndiyo maana wageni wengi humwogopa zaidi. Anahitaji mtu mtulivu anayesema jambo moja leo na kesho, asiyempigia kelele wala kumchapa. Kumvuta na kumtisha kunaharibu mbwa wa aina zote mbili, lakini kwa Rottweiler utakuwa umemfundisha ugomvi mnyama ambaye humwezi kwa nguvu. Kama anayemtembeza mara nyingi ni kijana mdogo au bibi, swali la kama ataweza kumzuia kwa kamba liwe la kwanza.

Maoni yangu ni haya. Nyumba yenye watoto wanaosoma, wanaopenda kufundisha, na yenye mtu mzima mwenye muda asubuhi na jioni, ichukue German Shepherd. Nyumba yenye shughuli za kuingia na kutoka, ambayo haiwezi kumpa mbwa kazi ya akili saa nyingi lakini ina nidhamu, itaelewana zaidi na Rottweiler aliyetoka kwa wazazi watulivu. Kwa anayefuga mbwa mkubwa kwa mara ya kwanza, napendekeza jike, vyovyote vile. Majike ni wepesi kwa kilo kadhaa na mara nyingi ni rahisi kuwaongoza. Madume wa Rottweiler hasa huwa wagumu kuishi na dume mwenzao.

Ukishaamua aina, usimtazame mtoto wa mbwa kabla ya kumtazama mama yake. Kaa naye. Akijificha nyuma ya banda, akinguruma bila kuacha, au muuzaji akikwambia leo haonekani, ondoka. Woga hurithiwa, tena mtoto huuona kwa mama yake kila siku. Dai picha za eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili, kwa kuwa kasoro za viungo zimeenea katika aina hizi. Nchi nyingi nyonga hupewa herufi kuanzia A hadi E; A ndiyo safi, D na E zikatae. Kwa German Shepherd, omba pia kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaopooza miguu ya nyuma uzeeni, na mkwepe mwenye mgongo ulioteremka mno. Kwa Rottweiler, wazazi wapimwe moyo, kisha uulize babu na bibi zake walikufa na nini: saratani ya mifupa huwapata sana, na wengi huishi miaka 9 au 10 tu.

Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajafikisha wiki 8. Kuanzia hapo hadi kama wiki ya 14 ndicho kipindi cha kumwonyesha dunia: watoto, wazee, fimbo, miavuli, baiskeli, kwa upole na bila kumlazimisha. Chanjo zifuate ratiba ya daktari wa mifugo mpaka wiki ya 16, na kwa Rottweiler usicheleweshe hata moja, maana watoto wao hushambuliwa vikali na parvo, ugonjwa wa virusi unaowatapisha na kuwaharisha. Apewe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, bila kuongezewa kalsiamu, na abaki mwembamba.

Wote wana kifua kirefu, na tumbo lao linaweza kujaa gesi na kujipindua. Ukimwona anahangaika, tumbo limekaza, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, na asimsogelee anapokula au kulala. Kabla ya kulipa, soma sheria za unapoishi na mkataba wa nyumba kama umepanga: Ayalandi, kwa mfano, wote wawili hulazimika kufungwa mdomo na kushikwa kamba wakiwa hadharani. Na kama karatasi yenu inaonyesha nyumba tupu kutoka asubuhi hadi usiku, msichukue yeyote kati yao kwa sasa.