Namna ya Kujizoeza Hotuba ya Kushawishi Mbele ya Mkutano wa Shehia

Mwongozo huu nimewaandikia vijana ninaowafundisha kuhutubia hapa Pemba, na mfano nitakaoutumia ni mmoja tu: unataka watu wa shehia yako (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) wakubali kuufunga mwamba wa pweza, yaani pweza wasivuliwe hapo, kwa miezi 3.

Kwanza, andika kwa sentensi moja jambo unalotaka wasikilizaji walifanye. "Tuhifadhi bahari yetu" haitoshi, kwa kuwa wote wataitikia na hakuna kitakachobadilika. "Tuufunge mwamba wa kusini kuanzia bamvua lijalo" (bamvua ni kipindi cha maji kujaa na kupwa sana, kinachokuja kila wiki mbili hivi) ni ombi linaloweza kukubaliwa au kukataliwa.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: itafute hoja ya anayekupinga kabla hujaitafuta yako. Nilipohutubia kijijini kwa mara ya kwanza nilikuwa na maelezo mengi kuhusu uhifadhi, lakini mama mmoja anayeishi kwa kuchokoa pweza aliniuliza wanawe watakula nini muda wote huo, nami sikuwa na jibu. Swali lake lilikuwa la haki. Kwa hiyo nenda dikoni, mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia, siku chache kabla ya mkutano, kaa na wanaoutegemea mwamba huo, waulize watapoteza nini, na uyaandike majibu kwa maneno yao wenyewe. Katika hotuba, itaje hoja hiyo mapema, bila kuipunguzia uzito, ndipo uijibu.

Jibu nalo lipimwe kwa kipimo cha msikilizaji. Ukimwambia mwenye kwenda pwani kuwa ni siku 90, hesabu hiyo si yake. Ukimwambia ni bamvua 6, papo hapo anajua ni safari ngapi atakazokosa. Mweleze kwamba pweza hukua upesi na uhai wake ni mfupi, hivyo mdogo anayechokolewa leo, akiachwa miezi hiyo, atakuwa na uzito mkubwa zaidi sokoni, na kwamba wavuvi wa Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, wamekwishaujaribu utaratibu huu, kwa hiyo anaweza kwenda kuwauliza. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Miladi, alitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe. Katika shehia, ambako watu wanakujua tangu utotoni, naona tabia hutangulia, na ushahidi ambao mtu anaweza kwenda kuuhakiki mwenyewe huujenga uaminifu huo kuliko sauti kubwa.

Sasa fanya mazoezi kwa sauti. Hifadhi kwa moyo ufunguzi na ombi la mwisho tu. Sehemu ya kati iandikie dondoo. Jirekodi kwa simu kwa dakika 5 na ujisikilize. Kisha waite wenzako watatu barazani: mmoja ashike saa, wa pili ahesabu kila "yaani" isiyo na kazi, na wa tatu awe mpinzani, akukatize kwa maswali makali. Klabu za kujifunza kuhutubia za Toastmasters, zilizoanzia California mwaka 1924, nazo huwagawia wanachama kazi za kutunza muda na kukosoa. Rudia mpaka maswali ya mpinzani yasikupandishe sauti.

Siku ya mkutano, watolee salamu sheha na wazee kwa ufupi, kisha ingia katika jambo. Ukishatoa ombi lako, nyamaza, uwaache wazungumze, na uliandike kila swali lililokushinda ili ulirudishe barazani katika zoezi lijalo.