Mahindi Yako Yafike Januari Yakiwa Mazima

Dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa punje, alipoanza kuharibu mahindi Tabora, wakulima walimpa jina la Scania. Tia mkono kwenye gunia aliloingia, utatoka na vumbi la unga na punje zenye matundu. Kwa kumhofia, wengi huuza yote Juni au Julai, soko likiwa limejaa, kisha Januari wananunua unga kwa bei ya juu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: anayenunua ni yuleyule aliyelima.

Mfuko usiopitisha hewa, kama ule wa PICS, unalinda mahindi bila dawa. Ndani ya kiroba cha kawaida mna nailoni mbili nzito. Ukishafungwa, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo, wanaacha kula, wanakufa.

Ila mfuko haukaushi mahindi, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Unyevu usizidi asilimia 13. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko vitatu na mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa vizuri, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Anika juu ya turubai, usianike chini kwenye udongo. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya fangasi, iliua watu Dodoma na Manyara. Fangasi wake hupenda mahindi yenye unyevu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Pepeta, ondoa vipande vya magunzi visitoboe nailoni. Jaza huku ukishindilia, kamua hewa, sokota mdomo wa nailoni ya ndani, ukunje, ufunge kwa kamba. Nailoni ya pili vivyo hivyo, kisha kiroba. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Usifungue kabla mwezi mmoja haujapita, hata kwa kuchungulia.

Najua ada na madeni havisubiri. Basi tenga kwanza chakula cha nyumbani, uza kinachotosha kulipa, kilichobaki ndicho kisubiri bei. Hata gunia mbili zinatosha kuanzia.

Mfuko ukiwa mtupu, upulize hewa ukague matundu, ukunje, uuweke panya wasipofika. Usiotoboka utautumia tena msimu ujao.