Mjomba Hahesabiki: Udahili wa Chuo cha Jimbo Texas kwa Mtoto Unayemlea

Kama mtoto unayeishi naye Texas ni mpwa wako, mdogo wako au mtoto wa mkeo, yasome haya kabla hajatimiza miaka 18. Akishavuka hapo, mlango mkubwa unakuwa umefungwa.

Udahili wenyewe haukutusumbua. Maombi ya vyuo vingi vya jimbo yanafunguliwa Agosti mosi kwenye ApplyTexas, mfumo wa maombi wa mtandaoni. Matokeo ya sekondari yatumwe na shule, si na wewe. Cheti cha NECTA kinapelekwa kwa watathmini wa vyeti wanaokubalika na chuo husika, na majina matatu yaliyomo yalingane na ya kwenye pasi. SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, uliza chuo chako, maana vingine vinaidai na vingine haviitaki. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sheria ya jimbo kwa walio chini ya miaka 22, ichomwe angalau siku kumi kabla ya masomo kuanza. Kijana akiwa na alama, barua ya kukubaliwa itakuja.

Mtego uko kwenye maswali ya ukazi, yale ambayo watu huyapitia mbiombio wakidhani yanauliza anwani tu. Hayo ndiyo yanayoamua kama mtoto atalipa ada ya mkazi wa Texas au ya mtu wa nje, na ada ya mtu wa nje kwenye vyuo vingi vya jimbo inazidi mara mbili. Kuwa na grin kadi hakukufanyi mkazi wa jimbo kwa hesabu za ada. Narudia: grin kadi ni mambo ya serikali ya shirikisho, ada ni mambo ya jimbo.

Dada yangu alishinda bahati nasibu ya grin kadi, akaja na mwanawe aliyekuwa amemaliza kidato cha nne Newala. Baadaye mama yetu akaanza kuumwa, dada akarudi kumuuguza na kuangalia mikorosho. Kijana akabaki kwangu. Kwetu hilo halina mjadala. Sisi Wamakonde, kama walivyo jirani zetu Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo tunauhesabu kwa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa kwenye jando, kwenye posa na kwenye kesi. Kwenye fomu akaandikwa mlezi ni mimi, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Barua ya chuo ikaja na pongezi, na chini yake hesabu ya mtu wa nje.

Nikaenda ofisini na bahasha. Nilitoa fomu yangu ya kodi, ambayo jina la kijana limo kwenye mstari wa wategemezi na IRS, watu wa kodi wa serikali ya shirikisho, hawakuwa na neno, kwani sheria ya kodi inaruhusu kumwandika mpwa unayeishi naye na kumlisha. Mama wa dirishani akashusha kidole mpaka kwenye kisanduku cha uhusiano, akakigonga mara mbili kwa kucha, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: amri ya mahakama iko wapi?

Kanuni za Texas zinamtambua kama mzazi yule aliyemzaa mtoto, aliyemwasili, au aliyekabidhiwa ulezi wake na mahakama. Wengine wote ni watu wa nyumbani tu. Hata baba wa kambo, aliyemlea mtoto tangu ananyonya, hahesabiki mpaka mahakama iseme. Kwa hiyo serikali ileile inayokuandika kwenye kodi kwamba mtoto huyu unamlisha wewe haikusaidii chochote kwenye dirisha la chuo, maana dirisha hilo linafuata kanuni za jimbo.

Niliporusha habari hii kwenye kundi la ukoo, msaada ulikuja wa kikwetukwetu. Siku chache baadaye nikapokea picha ya barua ya mtendaji wa kata, muhuri wa buluu umekaa vizuri, ikithibitisha kwamba mimi ni mjomba na mlezi halali. Ikafuata hati ya kiapo kutoka kwa wakili wa Mtwara mjini. Ndugu zangu, nawashukuru, na gharama za wakili nazijua. Kwetu barua ya mtendaji inafungua shule, benki na hospitali. Lakini kiapo ni maneno yako mwenyewe uliyoapa, na hawa wanataka maneno ya hakimu. Usipoteze wiki kukusanya mihuri.

Sasa njia zilizopo.

Ya kwanza ni mzazi mwenyewe awe na makazi ya kweli Texas kwa miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi, ile ambayo chuo huhesabu waliopo mwanzoni mwa muhula, na mtoto awe tegemezi wake. Mama akirudi nyumbani kwa moyo wa kukaa, njia hii imekufa. Ndiyo maana nasema suala la ulezi lipelekwe mahakamani kabla mama hajapanda ndege, yeye mwenyewe akiwepo kuridhia, na kabla mtoto hajafika miaka 18. Akishafika 18 ni mtu mzima, hakuna mahakama itakayokupa ulezi wake kwa sababu tu unalipa chakula chake. Wakili atakutoza, lakini linganisha na ada ya miaka minne.

Ya pili haiulizi mzazi yuko wapi. Mtoto akiwa amehitimu sekondari ya Texas na ameishi jimboni miezi 36 mfululizo kabla ya kuhitimu, pamoja na miezi 12 kabla ya siku ya kuhesabu, anapewa ada ya mkazi. Hapa ndipo nina ugomvi mdogo na wazee wetu. Kila familia husema neno moja: amalize kwanza kidato cha nne, apate cheti, ndipo aende. Ushauri wa busara kwa mtu anayebaki Tanzania. Kwa mtoto anayekuja kusoma huku unakula ile miezi 36. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, anafika mwaka unaofuata, Agosti anaingizwa darasa la kumi na moja, na akihitimu hajafikisha miaka mitatu. Tena jihadharini na hesabu ya darasa la kumi. Aliyefika Agosti akaanza darasa la kumi na kuhitimu mwisho wa Mei, miaka mitatu ya shule, ana miezi kama 33 tu. Amekosa kwa miezi michache na hakuna atakayemwonea huruma. Kama karatasi zake zipo tayari, aje akiwa kidato cha kwanza au cha pili. Na kwa wasio na hadhi halali ya kuishi nchini, mlango huu ulifungwa na mahakama ya shirikisho Juni 2025, msidanganywe na maelezo ya miaka ya nyuma.

Ya tatu ni kijana kujitegemea kweli: asiwe tegemezi wa mzazi kwenye kodi, awe na kazi ya kueleweka, na miezi 12 ipite. Inafaa kwa anayekubali kufanya kazi kwanza.

Jambo lingine ni FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya shirikisho, ambayo mwenye grin kadi anaruhusiwa kuijaza. Nayo haimtambui mjomba wala shangazi ila aliyemwasili mtoto. Lakini kama mahakama ilikupa ulezi, mwanafunzi anahesabiwa anajitegemea, hata kama ulezi huo uliisha alipotimiza 18. Bila hapo anatakiwa mama, aingie kwa akaunti yake na atoe ridhaa yake. Fomu inafunguliwa Oktoba, wakati ambao watu wa Newala na Tandahimba akili zote ziko kwenye minada ya korosho. Dada alikuwa amesajili akaunti kwa laini ya Marekani iliyokwishakatwa, na namba za uthibitisho zikawa zinakwenda hewani. Kabla mzazi hajaondoka, mfungulieni akaunti kwa barua pepe anayoijua neno lake la siri. Si la mtoto wake. Lake.

Wamarekani wana namna yao ya familia ambayo bado inanichekesha. Mjomba anaalikwa kula bata mzinga mwezi wa Novemba, anapigwa picha katikati ya watoto, halafu kwenye karatasi ni mgeni. Na usitafute wa kumpigia simu, hayupo. Hakuna binamu wa mkurugenzi wala chai ya kumpa mtu. Ila sheria yao, ukiisoma, inakubeba na wewe pia. Kwa mfano, Texas mwanafunzi aliyeshinda ufadhili wa mashindano wa chuo wa dola 1,000 au zaidi kwa mwaka anaweza kuruhusiwa kulipa ada ya mkazi hata kama ni wa nje. Nafasi hizo zina kikomo, na ofisini hawakunitajia mpaka nilipouliza kwa jina lake. Kijana wetu aliandika insha tatu za kuomba ufadhili akiwa amechoka na kazi ya dukani, na moja ikajibu.

Kama barua ya mtu wa nje imeshawafikia, usibishane dirishani. Omba fomu ya maswali ya ukazi, jaza upya, ambatisha amri ya mahakama, mkataba wa nyumba wa mzazi, au rekodi za shule zinazoonyesha miezi 36. Ipeleke mapema kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi, ambayo kwa muhula wa kawaida ni siku ya kumi na mbili ya masomo, na udai karatasi ya kuthibitisha kwamba wameipokea.