Umefungiwa nje ya Gmail? Rudisha laini kwanza, ndipo uombe akaunti

Watu wengi hufungua barua pepe kwa sababu ya jambo moja: kujisajili Ajira Portal (tovuti ya kuomba kazi serikalini), kuomba chuo, kusajili biashara. Kisha wanaisahau hadi siku inapohitajika tena, na siku hiyo nenosiri linakataa, laini iliyoandikwa kwenye akaunti haipo, na maombi yanafungwa kesho yake. Hapo ndipo makosa huanza. Mtu anabonyeza "Umesahau nenosiri?" mara kumi mfululizo, kwenye simu ya kuazima, kwa namba ambayo hana. Majaribio mengi ya namna hiyo yanaweza kuifanya Google imzuie kwa muda. Akaunti nyingi hurudi zikiombwa kwa mpangilio sahihi, na mpangilio huo unaanzia kwenye duka la kampuni ya simu kabla ya kufika kwenye kompyuta.

Hakikisha kweli umefungiwa

Kama ukurasa wenyewe haufunguki au unaleta onyo kwamba muunganisho si salama, tazama tarehe na saa ya kifaa. Simu iliyoisha chaji kabisa ikawaka tena na tarehe ya miaka ya nyuma itakataa tovuti karibu zote. Weka tarehe ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao, washa vidakuzi (cookies) kwenye kivinjari, kisha jaribu tena. Ukitegemea Gmail ile nyepesi ya zamani kwenye kompyuta yenye mtandao hafifu, hiyo iliondolewa mwaka 2024, kwa hiyo tumia programu ya simu.

Nenosiri likikataliwa, liandike kwanza mahali unapoliona, kwenye daftari la simu, halafu linakili. Kibodi za simu hukuza herufi ya kwanza zenyewe na kuongeza nafasi mwishoni mwa anwani. Nukta zilizo kabla ya @gmail.com hazina athari: uandike jina.ukoo au jinaukoo, Google huliona ni sanduku lilelile. Kama umesahau anwani yenyewe, bonyeza "Umesahau anwani ya barua pepe?", weka namba ya simu na majina kama yalivyoandikwa siku ya kufungua. Jaribu na majina yaliyopinduliwa, maana wengi huanza na la ukoo.

Usiruhusu mtu aiflashi simu yako

Simu ya zamani ambayo bado ina akaunti yako, hata kama kioo kimepasuka na inasoma kwa shida, ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote ulio nao. Google inaweza kutuma ujumbe kwenye simu hiyo ukiuliza kama ni wewe unayejaribu kuingia, ukabonyeza "Ndiyo" na kumaliza kazi hapo hapo. Fundi akiiflashi, ushahidi huo unafutika. Tena simu za Android zikishafutwa huuliza akaunti ileile ya Google iliyokuwepo kabla ya kukuruhusu kuitumia, kwa hiyo unaweza kujikuta huna barua pepe na huna simu. Mwambie fundi abadilishe kioo tu. Kama simu inawaka, fungua Mipangilio, ingia Google, kisha "Dhibiti Akaunti yako ya Google", sehemu ya Usalama, ujaribu kubadilisha nenosiri kutoka huko. Mara nyingi itaridhika na namba ya siri au alama ya kidole ya kufungulia simu.

Laini: hapa ndipo siku zinapopotea

Google ikitaka kukutumia namba ya uthibitisho, itaonyesha tarakimu mbili za mwisho za simu iliyosajiliwa. Zisome vizuri. Kama ni laini uliyonayo, endelea. Kama ni laini iliyopotea, simamisha kila kitu mtandaoni ukairudishe laini.

Laini za Watanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) yenye tarakimu 20, kwa hiyo anayeweza kuirudisha ni yule ambaye kidole chake kiliisajili. Watu wengi husafiri hadi dukani, wanapanga foleni, wanaweka kidole, mashine inakataa, kumbe laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, mjomba au mwajiri wa zamani. Kabla ya kutoka nyumbani piga *106# na uangalie orodha ya namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Namba unayoitafuta isipokuwemo, muombe mwenye usajili muende wote. Akiwa mbali, anaweza kwenda kwenye duka la mtandao huo huko aliko, akairudisha laini, kisha akakusomea namba ya uthibitisho kwa simu. Fanya hivyo kwa mtu unayemwamini kabisa tu, kwa sababu laini hiyo ina pesa zako pia.

Kama simu iliibiwa, piga 100 kutoka kwenye laini nyingine ya mtandao uleule wafunge laini mara moja. Baadhi ya maduka huomba ripoti ya polisi ya upotevu, kwa hiyo ni bora uende nayo kuliko kurudishwa. Chagua duka la kampuni badala ya wakala wa barabarani, hasa kama vidole vyako vimechakaa kwa kazi za saruji, shamba au sabuni. Nawa, kausha mikono vizuri, na omba wajaribu kidole kingine wakati cha kwanza kinakataa.

Kuna laini ambazo haziwezi kurudi. Laini ikikaa miezi mingi bila kuwekewa salio wala kutumika, kampuni huifunga na baadaye namba huuzwa kwa mtu mwingine. Usimpigie mwenye namba mpya kumwomba akusomee ujumbe wa Google. Akikubali, amepata pia mlango wa kuingia kwenye akaunti yako. Kwa ndugu walioko Muscat au Dubai, hatari hii ni kubwa zaidi: laini ya nyumbani inakufa taratibu kwenye droo, na kidole hakiwezi kutumwa. Badilisha namba kwenye akaunti kabla ya kupanda ndege.

Laini ikirudi, usikimbilie Google. Muombe mtu akutumie meseji ya kawaida kwanza uone kama inaingia. Halafu omba namba ya uthibitisho mara moja tu na usubiri. Ukiomba tatu mfululizo, zitaingia kwa kuchanganyika na ni ile ya mwisho tu inayofanya kazi. Ukizidisha, Google inakufungia kwa muda. Namba huandikwa na +255 na sifuri ya mwanzo huondolewa. Kama meseji haionekani, fungua folda ya taka na waliozuiwa ndani ya programu ya meseji, maana simu nyingi hupeleka huko ujumbe wa kampuni. Ikishindikana, chagua kupigiwa simu badala ya meseji, ambapo sauti itakusomea tarakimu.

Fomu yenyewe

Anwani ni g.co/recover, na huduma hiyo ni bure. Chini ya ukurasa kuna sehemu ya kuchagua lugha. Weka Kiswahili ili majina ya vitufe yafanane na haya ya hapa.

Mahali unapokaa wakati wa kujaza kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Google hulinganisha kifaa, kivinjari na mtandao na vile ulivyokuwa ukitumia zamani. Jaza ukiwa nyumbani au kazini, kwenye simu au kompyuta uliyowahi kuingilia, kwa kivinjari kilekile. Zima VPN. Wengi wanaiacha wazi siku nzima, na kwa Google wanaonekana wapo Uholanzi wakidai akaunti ambayo siku zote imefunguliwa kutoka Mbeya.

Swali la kwanza ni nenosiri la mwisho unalolikumbuka. Usiliruke. Hata la zamani, lililobadilishwa miaka iliyopita, linahesabika kama ushahidi. Andika lile unaloamini liko karibu zaidi na sahihi, na uzingatie herufi kubwa na ndogo. Maswali mengine yajibu hivyo hivyo: jibu lisilo kamili ni bora kuliko kuacha wazi. "Jaribu njia nyingine" ibonyeze pale tu njia iliyopendekezwa haiwezekani kabisa, kwa sababu kila ukiibonyeza unaacha ushahidi mmoja nyuma. Ukiulizwa barua pepe ya kuwasiliana nawe, toa ambayo unaweza kuifungua leo.

Google inaweza kukuambia usubiri saa kadhaa au siku kadhaa. Kuchelewesha huko ni kwa makusudi, ili mwenye akaunti halisi apate taarifa kama anayeomba ni mwizi. Subiri muda uleule ulioandikwa. Ikikataa moja kwa moja, usijaribu tena usiku huohuo. Tafuta kwanza ushahidi ulioukosa, iwe kompyuta ya ofisi ya zamani au nenosiri lililoandikwa nyuma ya daftari, kisha rudi.

Kama mwizi ameingia kwenye akaunti na kubadilisha namba ya simu, una dirisha dogo: kwa siku 7 Google bado inaweza kutuma uthibitisho kwenye namba au barua pepe ya awali. Wiki hiyo usiipoteze kwa kuulizana kwenye makundi ya WhatsApp. Humo ndimo wanamovizia wanaojiita maofisa wa Google na kudai malipo ya "kufungua mfumo". Google haina mtu wa kukupigia simu akuombe ile namba ya uthibitisho. Ukitumiwa meseji ya namna hiyo, iripoti TCRA kupitia 15040.

Akaunti iliyofunguliwa stesheneri

Hii tunaisisitiza kwa sababu imewakosesha vijana wengi usaili. Mhudumu wa stesheneri, akitaka kuwahi foleni, hufungua akaunti kwa namba yake ya simu, tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, na nenosiri moja analompa kila mteja. Rudi kwenye stesheneri hiyohiyo ukatumie kompyuta ileile. Inafahamika kwa Google na namba iko kwa mhudumu. Kaa mwenyewe kwenye kibodi. Ukishaingia, kabla hujainuka, ondoa namba yake uweke yako, badilisha nenosiri, na ukatae kivinjari kisilihifadhi. Toka kwenye akaunti, usiishie kufunga dirisha.

Kwa anwani ya chuo au ofisi utaratibu huu wote haukuhusu: nenosiri hubadilishwa na kitengo cha TEHAMA cha taasisi, kwa kitambulisho chako.

Kwa wenye Outlook au Hotmail, fomu ni account.live.com/acsr. Unaruhusiwa kuijaza mara mbili kwa siku, na majibu huja ndani ya saa 24; lakini kama uliwasha uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na namba ya uthibitisho), fomu hiyo haitakusaidia. Yahoo hufunga sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12, na barua zilizomo hupotea. Google inatoa miaka 2 kabla ya kufuta.

Umeingia, lakini barua haziji

Tazama nafasi. Akaunti ya bure ina GB 15 zinazotumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Picha, na tangu 2024 nakala za akiba (backup) za WhatsApp za simu za Android nazo zinahesabiwa humo. Video za makundi ya harusi na misiba zinaweza kujaza nafasi yote bila wewe kuandika barua hata moja, na ikijaa, barua ya kuitwa usaili inarudishwa kwa aliyeituma. Ondoa video kwenye nakala ya WhatsApp, kisha kwenye Gmail tafuta larger:10M ufute barua zenye viambatisho vizito. Mwaga na pipa la taka, kwa sababu vilivyomo vinaendelea kuhesabiwa hadi siku 30 zipite.

Kisha fungua mipangilio ya Gmail kwenye kompyuta, sehemu ya vichujio na sehemu ya kusambaza barua. Aliyekuingilia mara nyingi huacha kanuni inayofuta barua za benki au kuzipeleka kwake, na kanuni hiyo haiondoki kwa kubadilisha nenosiri. Kwenye sehemu ya Usalama ya Akaunti yako ya Google, angalia "Vifaa vyako" na uondoe usivyovijua. Washa uthibitishaji wa hatua mbili na uchukue zile namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja. Zichapishe, uziweke pamoja na vyeti vyako.

Sasa nenda Ajira Portal uombe kiungo cha kubadilisha nenosiri, ukitazama na folda ya taka. Kisipofika, huenda anwani iliandikwa vibaya siku ya usajili, kwa mfano gmail.co. Usifungue akaunti nyingine ya ajira kwa anwani mpya: namba yako ya NIDA tayari iko kwenye ile ya kwanza. Wasiliana na dawati lao la msaada, ukiwa na NIDA, majina kamili na anwani sahihi, waombe wairekebishe.