Jinsi ya kuomba matokeo ya vipimo vya maji palipokuwa kituo cha mafuta

Pampu ziling'olewa, paa likashushwa, na sasa ploti ile ni pahali pa kuoshea magari. Lakini matangi yalikuwa chini ya ardhi, na kama yalivuja, petroli haikuondoka na lori lililobeba vyuma. Kule Thange, Makueni, bomba la mafuta lilipovuja mwaka 2015, wakulima walipoteza mto na visima walivyotegemea. Ikiwa hapa Kenya nyumba yako inakunywa maji ya kisima kilicho karibu na ploti kama hiyo, una haki ya kuona vipimo vilivyochukuliwa pale. Haki yenyewe iko katika Kifungu cha 35 cha Katiba, na utaratibu uko katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Huhitaji wakili.

Kwanza jua uandikie nani. Mambo ya uchafuzi na ukaguzi wa mazingira yako NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Visima na maji ya chini ya ardhi ni kazi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Leseni za biashara ya mafuta hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Hata kampuni ya kibinafsi inabanwa na sheria hii ikiwa imeshika habari zinazogusa mazingira au afya ya umma. Ukikosea ofisi usivunjike moyo, kwa kuwa sheria inawapa siku 5 kulihamisha ombi lako kwa ofisi yenye habari hizo.

Sasa barua, na hapa ndipo wengi tunapopoteza. Barua yangu ya kwanza iliomba "taarifa zote kuhusu usalama wa eneo". Nikajibiwa kwa mstari mmoja: eneo ni salama. Ukiuliza kwa ujumla, utajibiwa kwa ujumla. Omba tarakimu. Andika hivi:

"Naomba nakala ya matokeo ya maabara ya kila kisima cha uchunguzi katika ploti nambari fulani, pamoja na ramani ya visima hivyo, kina cha maji kila siku ya kipimo, unene wa mafuta yanayoelea kama yapo, na viwango vya benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni."

Kisima cha uchunguzi ni kile kilichochimbwa ili kupima maji, na hayo majina manne ya mwisho ni kemikali zilizomo ndani ya petroli. Kina cha maji nacho si jambo dogo. Visima vitatu vikipimwa siku moja vinaonyesha maji yanaelekea wapi, yaani kama yanakuja kwako au yanakwenda kwingine. Tena petroli huelea juu ya maji. Wakati wa kiangazi maji yakishuka, hushuka nayo na kupaka udongo; mvua zikirudi, huinuka tena. Kwa hiyo omba vipimo vya majira yote mawili, kwani kimoja peke yake hakitoshi.

Unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika ataeleza kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Gharama ni ya kutoa nakala tu. Usitoke ofisini bila muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako, maana siku zinahesabiwa kutoka hapo. Wana siku 21, na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Kama watoto wanakunywa maji hayo leo, eleza wazi kwamba ni jambo la uhai wa mtu, kwa sababu hapo muda ni saa 48. Wakinyamaza, kimya hicho ni kukataliwa kisheria, nawe una siku 30 kupeleka ombi la mapitio kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma (Commission on Administrative Justice).

Wakati unangoja, tafuta maji mengine ya kunywa na kupikia. Usitegemee pua: benzeni inaweza kupita kiwango cha hatari kabla hujasikia harufu. Klorini haiiondoi, na kuchemsha kunaitoa kwenye sufuria na kuimwaga katika hewa ya jikoni. Ukitaka kupima mwenyewe, usipeleke maji kwa chupa ya soda. Maabara itakupa vichupa vidogo vya kioo. Jaza hadi pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa, funga, weka kwenye barafu, upeleke haraka.

Majibu yakija, tazama kwanza vipimo vimeandikwa kwa kizio gani. Kiwango cha WHO cha benzeni katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, sawa na miligramu 0.01. Kisha tazama alama ya "<", yaani "chini ya". Ukiona "<50" kwa mikrogramu, hiyo haimaanishi maji ni safi. Inamaanisha mtambo wao hauoni chochote chini ya 50, na hatari inaanzia 10. Waandikie tena, utaje kisima na tarehe, uombe kipimo kirudiwe kwa mtambo unaoweza kufika chini ya 10. Na ikiwa tarakimu imepita 10, peleka malalamiko NEMA siku hiyohiyo, na nakala kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti yako.